Jinsi ya kupata sehemu ya kumwachia mbwa akimbie hapa Dar bila kugombana na mtu

Nafuga mbwa hapa Dar mwaka wa tisa huu, na swali ambalo watu wananiuliza sana wakiniona asubuhi na Bosi ni hili, "sasa we huyo mbwa unamwachiaga wapi?" Swali la maana kabisa, maana mbwa wengi wa mjini maisha yao ni geti na mnyororo, mchana kafungwa bandani, usiku anafunguliwa alinde, kesho tena hivyohivyo, halafu tunakuja kulalamika kwamba anabweka hovyo, anachimba maua, anarukia wageni. Nguvu zote zile zitokee wapi? Mbwa anataka kukimbia, yaani kukimbia kwelikweli mpaka masikio yanalala nyuma, sio kuburuzwa na kamba mpaka dukani na kurudi.

Huku kwetu usitegemee kukuta kiwanja cha mbwa chenye fensi na geti mbili kama wanavyokuwa navyo Ulaya. Sehemu unaitafuta mwenyewe na unaitunza mwenyewe. Na kitu nilichojifunza miaka yote hii ni kwamba Dar usitafute mahali tu, tafuta saa. Kiwanja kilekile saa kumi na mbili na nusu asubuhi kinaweza kuwa cha mbwa wako peke yake, saa mbili watoto wanakatiza kwenda shule, saa kumi na moja jioni ni cha timu ya mtaa na mashabiki wake. Ukiijua saa ya mahali umeshamaliza nusu ya kazi, nusu nyingine ni watu wa pale. Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: kabla hujatoka getini

Chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa tusizungushane, kama mbwa wako hajachanjwa usimwachie popote penye watu. Anachanjwa akifikisha miezi mitatu halafu unarudia kila mwaka, na ile kadi ya chanjo ipige picha ikae kwenye simu, siku mtu akikuuliza unamwonyesha palepale na mambo yanapoa. Kama hela inasumbua ongea na afisa mifugo wa kata yako, mwulize lini kuna kampeni ya chanjo, hasa mkikaribia tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ukiwa pale mwulize pia sheria ndogo za halmashauri yenu zinasemaje kuhusu mbwa, maana Dar ina manispaa zaidi ya moja na wewe unatakiwa ujue za kwako.

Pili, kola yenye namba ya simu. Hata ukiiandika kwa maka peni inatosha. Mbwa asiye na kola akionekana mtaani peke yake watu wanamhesabu mbwa koko, na mbwa koko huku anapigwa mawe kabla mtu hajauliza ni wa nani.

HATUA YA 2: aitike kwanza

Watu wanairuka hii wanakimbilia kutafuta kiwanja. Ndugu yangu, mbwa asiyeitika hana kiwanja kinachomfaa isipokuwa chenye ukuta. Mimi nilianzia uani na dagaa wa Mwanza wakavu, nawakaanga kidogo bila chumvi wala mafuta, naweka mfukoni kwenye kifuko. Napuliza filimbi mara mbili, akija anapata dagaa, akienda zake napuliza tena. Wiki mbili hivi uani, halafu nje ya geti, halafu kwenye kamba ndefu.

Kamba ndefu ni kamba ya manila ya kawaida ya duka la hadwea, mita 10 mpaka 15, unaifunga kwenye kola unamwacha aende nayo ikiburuzika chini. Anaona yuko huru lakini wewe unaweza kuikanyaga muda wowote. Wiki tatu nne za kamba hiyo sehemu mbalimbali, mpaka uone anaitika mara tisa kati ya kumi hata kukiwa na kuku anapita mbele yake, hapo ndo unaanza kufikiria kumfungua.

Na usimpige akichelewa kuja, hata kama amekutoa jasho. Ukimpiga umemfundisha kwamba kurudi kwako ni kuja kupigwa, kesho hatarudi kabisa.

HATUA YA 3: nenda mwenyewe bila mbwa

Ukishasikia kuna sehemu, usiende na mbwa siku ya kwanza. Nenda peke yako kwa muda uleule unaotaka kumpeleka, na nenda siku tatu tofauti: siku moja ya kazi, Jumamosi, na Jumapili. Nasisitiza wikendi kwa sababu Dar ina klabu za joging kila kona, saa kumi na mbili asubuhi unakutana na watu hamsini wamevaa tisheti za rangi moja wanaimba na kukimbia barabara nzima, na mbwa akiona watu wanakimbia akili yake inamwambia na yeye afukuze. Sehemu iliyokuwa kimya Jumanne, Jumapili inakuwa sherehe.

Ukiwa pale tembea polepole uangalie chini. Chupa zilizovunjika, mifupa ya kuku wa chipsi, majivu ya takataka zilizochomwa usiku (yanaweza kuwa bado ya moto chini), mabati yenye kutu. Angalia barabara iko umbali gani, mimi nikisikia honi za bodaboda kwa karibu naondoka. Angalia kama kuna kundi la mbwa wasio na mwenyewe wanaolala hapo, maana pale ni kwao na watakuja kumtoa mbwa wako. Angalia mashimo. Angalia njia za mkato, watu wanatokea wapi kwenda wapi, msikiti uko upande gani, shule iko wapi. Nyasi zikizidi magoti achana nazo, nyoka na kupe ndo makazi yao hayo.

HATUA YA 4: sehemu zenyewe

Naanza na ile ninayoipenda kuliko zote kwa mtu anayeanza, nayo ni kiwanja cha mtu chenye fensi ambacho hakijajengwa. Dar imejaa hivi, kuanzia Mbezi Beach, Goba, Bunju, Mabwepande mpaka Kigamboni, mtu kanunua kiwanja, kazungusha ukuta, kaweka geti na mlinzi au kijana wa kuangalia, hela ya kujenga bado inatafutwa. Ukuta upo, magari hayapo, watoto hawapo. Unachofanya ni kumtafuta mwenye kiwanja, usimalizane na mlinzi tu kienyeji, kwa sababu siku mwenyewe akija akakuta mbwa mle ndani kijana wa watu atafukuzwa kazi. Mpigie, jitambulishe, mwambie una mbwa mmoja amechanjwa, unaomba dakika 40 asubuhi mara tatu kwa wiki, utaokota uchafu wa mbwa wako na utafunga geti. Wengi wanakubali aisee, hata mimi nilishangaa. Wengine wanafurahi kwamba kiwanja kina mtu anakipitia. Mlinzi naye mchangie ya chai, na umpe namba yako. Kabla ya kumfungua mbwa zunguka ukuta wote kwa ndani, utakuta tundu la maji ya mvua ambalo mbwa anapita vizuri tu, lizibe kwa tofali. Na kama kuna kisima au shimo la choo lililochimbwa halijafunikwa, basi kiwanja hicho hakifai mpaka lifunikwe.

Sasa pwani. Mbwa akikanyaga ule mchanga mgumu uliolowa maji anabadilika kabisa, Bosi anachuchumaa kwanza, mkia chini, anazunguka mara mbili mahali pamoja halafu anachomoka kama mshale. Ila pwani ina masharti mengi kuliko sehemu yoyote.

La kwanza ni maji. Lazima ujue mwezi uko wapi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapa kwetu maji yanajaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa kwenye saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukifika saa kumi na mbili na nusu yameshaanza kutoka na ufukwe unazidi kupanuka, hapo ndo raha. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka, asubuhi na mapema maji yako chini yanaanza kurudi, ila hayaendi mbali wala hayapandi sana. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Ukichanganyikiwa muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia simu. Jioni za bamvua mimi siendi kabisa, ufukwe unakuwa mwembamba na watu wote wamebanana palepale.

La pili ni watu, na hapa nina jambo langu mwenyewe la kusimulia. Mwaka wa kwanza nilikuwa namfungua Bosi mapema mno, kwenye saa kumi na moja na nusu bado giza giza. Siku moja akamkimbilia mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini, amevaa kanzu nyeupe, akampitishia pua mguuni, na Bosi alikuwa ametoka majini amelowa chepechepe. Hakumng'ata, hakubweka, ila kanzu ikalowa. Mzee alisimama tu. Nikaja mbio, shikamoo mzee, naomba unisamehe sana. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sina ubaya na mbwa wako, ila ujue hapa mimi narudi nyumbani kujiosha mara saba, na mara moja kwa udongo." Niliumia sana siku ile, kwa sababu ningeweza kuzuia. Tangu hapo sifungui kamba mpaka swala ya alfajiri iwe imeisha na watu wamefika makwao, saa kumi na mbili na nusu ndo mwanzo wangu, na sehemu yenye msikiti karibu naenda upande wa pili. Sikukuu za Idi simtoi kabisa, watu wanaswali viwanjani na mchana wanashuka pwani na watoto wao wamevaa nguo mpya. Yule mzee mpaka leo tunasalimiana, na nikimwona kwa mbali mbwa anarudi kwenye kamba kabla hajanifikia.

La tatu ni wavuvi. Madiko, yaani pale wavuvi wanaposhusha samaki, kama ya Kunduchi na Msasani sio sehemu ya mbwa, pale ni kazini kwa watu, nyavu zimetandazwa, samaki wako chini. Lakini hata mbali na diko angalia sana bunju, yule samaki anayejijaza kama mpira. Wavuvi wakimpata wanamtupa mchangani kwa sababu wanajua ana sumu. Anakauka pale, amevimba, ngozi ina vimiba, ananuka vizuri sana kwa pua ya mbwa. Sumu yake haina dawa ya kuizima, mbwa anaanza kutapika na kutoa mate, miguu inalegea, mwisho anashindwa kupumua. Ukiona amemlamba tu usisubiri dalili, mbebe mpeleke kwa daktari wa mifugo mbio. Mimi kabla ya kumfungua Bosi natembea naye kwenye kamba ule mstari wa mwani na takataka zinapoishia maji, nikikuta bunju namzika au namtupa kwenye mfuko. Yavuyavu nao, wale laini kama jeli wanaowasha, wakiwa wengi ufukweni, siku hiyo turudi nyumbani.

Mambo mengine ya pwani haraka haraka: beba maji ya kunywa lita 2 na bakuli, kwa sababu mbwa akinywa maji ya chumvi atatapika na kuharisha. Kwenye majabali maji yakikupwa kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, mweke kwenye mchanga tu. Kina mama wanaookota kombe wapishe, wao ndo wenye pwani muda huo. Masika na siku mbili tatu baada ya mvua kubwa usimwache aogelee karibu na mto au mfereji unapoingilia baharini, uchafu wa mji mzima unatokea pale. Na mbele ya mahoteli kuna ile sheria ya mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, wengi tunaijua, lakini ukiwa na mbwa usisimame kubishana mita na mlinzi, mfunge kamba, salimia, pita. Coco Beach wikendi ondoa kwenye mawazo kabisa, watu, mihogo, muziki, watoto.

Kwa wanaokaa maeneo ya mjini hasa, Kigamboni inafaa safari ya mara moja moja. Daladala hawatakuchukua na mbwa na sio sahihi kuwalazimisha, tafuta usafiri binafsi au ongea na bajaji unayemjua, pitia Daraja la Nyerere. Ukishapita Mjimwema kuelekea kusini fukwe zinakuwa tulivu zaidi. Ila kule kusini kasa wanapanda kutaga usiku, na mayai yanakaa chini ya mchanga karibu miezi miwili. Ukiona alama pana kama tairi la trekta imetoka majini kupanda juu na kurudi, au sehemu imewekewa vijiti, mfunge mbwa na msogee mbali, kwa sababu mbwa akishaanza kuchimba ndani ya dakika chache kiota chote kimekwisha.

Viwanja vya mpira vya mitaa vinafaa siku za kazi asubuhi, sina mengi, ongea na viongozi wa serikali ya mtaa au wale vijana wa timu, okota uchafu wote hasa golini ambapo vijana wanajirusha.

Sehemu za kuacha: bonde la Mto Msimbazi, yale maji machafu mno. Machimbo ya mchanga na kokoto, kingo zinabomoka na chini kuna maji. Eneo lolote la jeshi, hata kama halina ukuta na nyasi zimefyekwa vizuri. Pori la Akiba Pande ni la wanyamapori. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimehifadhiwa tangu 1975, mbwa abaki nyumbani.

HATUA YA 5: siku ya kumfungua

Nenda naye akiwa ameshatembea kama robo saa, asifike na nguvu zote. Njaa kidogo iwepo ili dagaa wawe na thamani. Fungua, kaa kimya, mwache akimbie. Baada ya dakika moja mwite, mpe dagaa, mwachie tena. Rudia hivyo mara nyingi, asije akajua kwamba kuitwa maana yake raha imekwisha. Mtu akitokea, hata kama yuko mita 100, mwite mbwa umshike. Usimpigie mtu kelele "hang'ati huyo!" Mtu anayeogopa mbwa hiyo haimsaidii chochote, anachotaka kuona ni mkono wako umeshika kola. Mtoto akianza kukimbia ndo hatari zaidi, mwambie asimame tu, wewe nenda kamshike mbwa.

Akija mbwa mwingine usiyemjua, funga wako, ondoka polepole bila kukimbia. Mbwa anayetembea kama amelewa, mate yanamtoka, anang'ata hata vijiti, kaa mbali naye kabisa na upige simu kwa afisa mifugo. Na mtu yeyote aking'atwa au kukwaruzwa, awe umeng'atwa wewe au kang'atwa mtu na mbwa wako, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, angalia saa, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usisubiri uone. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila mtu anakufa, lakini ukiwahi sindano kinazuilika. Gharama ya mtu aliyeng'atwa na mbwa wako ni yako, lipa bila kuvutana.

Joto nalo. Ikifika saa mbili na nusu mimi niko nyumbani, miezi ya kaskazi hasa Januari na Februari hata mapema zaidi. Weka mgongo wa mkono kwenye lami au mchanga mkavu, ukishindwa kuhesabu mpaka saba na miguu yake haiwezi. Ulimi ukiwa mrefu na mwekundu sana, anayumba, hataki kusimama, mpeleke kivulini mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni na umuwahishe kwa daktari.

HATUA YA 6: mkirudi

Maji baridi ya bomba mwili mzima kutoa chumvi, kausha masikio kwa kitambaa. Pitisha vidole katikati ya kucha zake zote, ndani ya masikio na kwapani, kupe wanapenda hapo, mvute karibu kabisa na ngozi bila kumminya. Angalia nyayo kama kuna kioo au mwiba. Maji mpe kidogo kidogo, ila ugali wake subiri kwanza apoe, mapigo yatulie, mimi nampa Bosi baada ya saa nzima, kwa sababu mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wakila wameshiba upepo wa mbio tumbo linaweza kujisokota, na likijisokota hiyo ni ya kukimbilia kwa daktari saa hiyohiyo.